Nimeisimulia Bure Nusu ya Riwaya Yangu. Je, Nikate Hapa Niuze Kitabu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwandishi ninayejitegemea. Nimeandika riwaya ya fantasia kuhusu nchi iitwayo Uzuli, ambako kila mtoto huzaliwa na kivuli cha mtu mwingine na hawezi kurithi chochote mpaka ampate mwenye kivuli hicho. Mhusika mkuu ni msichana, Namira, na kivuli chake ni cha mfalme aliyekwisha kufa. Ni kazi ndefu, maneno yapatayo 120,000.

Niliipeleka kwa wachapishaji. Mmoja alinijibu kwa adabu kwamba ni ndefu mno na kwamba fantasia haina soko kwake. Wengine hawakujibu kabisa. Nikaona badala ya kuiacha imelala kwenye kompyuta, niisome mwenyewe kwa sauti na kuirusha kama podikasti, sura moja kila wiki, bure. Sikutarajia makubwa, lakini watu wakaja na wakaanza kuniandikia. Mmoja aliniambia kwamba husikiliza usiku akimuuguza mama yake, na kwamba Namira amekuwa mwenzake wa kukesha. Barua ile niliisoma nikalia.

Sasa nimefika sura ya 24 kati ya 40, na nimekwama.

Kaka yangu mkubwa, aliyeninunulia maikrofoni na ambaye sijawahi kulidharau neno lake, anasema nimegawa mali ya kutosha. Anataka nisimamishe podikasti pale Namira anapoingia Lango la Chumvi, niwatangazie wasikilizaji kwamba anayetaka kujua kilichofuata anunue kitabu. Ananiuliza: nani atanunua kitabu ambacho ameshasikia mwisho wake? Sina jibu la kumpa.

Wakati huohuo kuna kampuni ya uchapishaji imeniandikia. Wanasema wameipenda kazi, watanitengenezea kitabu, jalada, matangazo, kila kitu, ila nichangie gharama, na kiasi chenyewe si kidogo. Mkataba wao unawapa haki za riwaya katika maumbo yote, yaliyopo na yatakayobuniwa. Tena wanataka podikasti ishushwe.

La mwisho. Ninaposoma hujikuta nabadilisha sentensi papo hapo, na mara nyingine naruka aya nzima. Sauti na muswada vimeachana. Halafu wasikilizaji wananiomba nisimuue Tumbe, mlinzi wa Namira, ambaye kwenye muswada anakufa sura ya 33. Sijui wameshtukiaje. Wengine wananitumia hata kurasa walizoandika wenyewe kuonyesha mambo yangekwendaje. Sijui tena riwaya yangu ni ipi.

Nikate? Nisaini? Nimwokoe Tumbe?

Msimulizi wa Uzuli

*

Marahaba mwanangu,

Usikate. Nalitanguliza hilo kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi, na mengine yote yanaegemea hapo.

Ulipoanza sura ya kwanza uliwaita watu uwasimulie hadithi. Hukuwaambia unawaonjesha. Huyo anayemuuguza mama yake hakukupa usiku wake ili asikilize tangazo la biashara lenye sura 24. Ukimfungia mlango pale Lango la Chumvi kisha umdai pesa, atakachobaki nacho moyoni ni kwamba alitegwa, na aliyetegwa harudi kwa kitabu cha pili. Wewe nawe, kwa jinsi ulivyoijenga nchi hiyo, kitabu cha pili unacho kichwani tayari.

Kama tangu mwanzo ungesema kwamba unasoma sura kumi tu na zilizobaki zimo kitabuni, hakuna ambaye angekulaumu. Waandishi wengi hufanya hivyo na ni halali kabisa. Kinachoumiza watu ni masharti kubadilishwa wakiwa wameshafika katikati.

Hata hivyo swali la kaka yako ni la haki, na halijibiwi kwa maneno matamu kuhusu sanaa. Nani atanunua? Riwaya ya maneno 120,000 ikisomwa kwa utulivu hupita saa 12. Mtu aliyekaa nawe saa zote hizo anataka aisome tena kwa mwendo wake, aone majina ya Uzuli yanavyoandikwa, aikague ramani, ampe rafiki ambaye hana subira ya kusikiliza. Wengine hununua ili kukushukuru tu, na hao ni wengi kuliko unavyodhani. Halafu kuna kundi zima ambalo halijawahi kukusikia wala halitakusikia kamwe, kwa sababu podikasti si starehe yao. Hao husoma. Kwao kitabu chako ni kipya kabisa, na watakifikia kwa kuambiwa na waliosikiliza.

Jambo hili limeshajaribiwa. Mwaka 2005, podikasti zikiwa changa kiasi kwamba iTunes, programu na duka la muziki la Apple, ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuzipokea, Mmarekani Scott Sigler, ambaye mpango wake wa kuchapishwa ulikuwa umevunjika, alianza kuisoma riwaya yake EarthCore kipande kwa kipande, bure. Mwaka huohuo ilianzishwa tovuti ya Podiobooks, iliyokusanya riwaya zilizosomwa na waandishi wenyewe, na fantasia ilikuwa na nafasi kubwa humo. Sigler aliwapa wasikilizaji hadithi nzima, akawapa na nyingine, na walewale waliokula bure ndio waliokimbilia vitabu vyake vilipotoka. Kufikia 2008 alikuwa anachapishwa na Crown, nyumba kubwa ya Marekani. Andy Weir naye aliiweka riwaya yake ya The Martian sura kwa sura kwenye tovuti yake bila malipo. Wasomaji wenyewe ndio waliomwomba aiweke kwenye Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu pepe, ili waisome kwa urahisi, naye akaiuza senti 99 za dola. Watu wakalipa.

Sikutajii hao ili uanze kuota utajiri. Wengi waliosimulia miaka ile hawakupata mkataba wala jina. Ninachotaka kaka yako aone ni kimoja: si kutoa bure kulikoamua nani auze na nani asiuze.

Mahali ambapo kaka yako ana haki kuliko wewe ni kwenye muda. Ukimaliza sura ya 40 ndipo uanze kutafuta mhariri na mchora jalada, kitabu kitatoka wasikilizaji wameshatawanyika. Kitabu kinatakiwa kiwe tayari wakati podikasti bado inaendelea, ikiwezekana Namira akiwa bado hajatoka langoni. Hapo ndipo unaweza kusema kila mwisho wa kipindi, bila kumwonea mtu: sura ijayo itakuja wiki ijayo kama kawaida, na asiyeweza kusubiri, kitabu kizima kipo. Unachouza hapo ni haraka. Mwisho wa hadithi unabaki wa wote.

Una sura 16 mbele yako, maana yake kama miezi minne. Kwa uhariri, jalada na mpangilio wa kurasa, muda huo unabana. Ukiona hautoshi, pumzika, lakini pumzika mahali ambapo hadithi yenyewe imetua, na useme tarehe ya kurudi. Kisha rudi tarehe hiyo.

Kampuni ile usiisainie. Mchapishaji huweka pesa yake, akategemea kuirudisha kwa kuuza kitabu, na humlipa mwandishi. Anayetaka umlipe wewe ni mtoa huduma. Kununua huduma si aibu. Ukijichapishia utanunua uhariri, utanunua jalada. Lakini unayemlipa kwa huduma hachukui haki zako. Hawa wanataka vyote viwili. Wanaposema "maumbo yote" wanachukua sauti, tafsiri, filamu, mchezo wa redio, na hawajakuambia watafanya nini na hata kimoja kati ya hivyo. Hilo la kutaka podikasti ishushwe ndilo linalonitia shaka zaidi, kwa sababu mtu mwenye nia ya kuuza kitabu hawezi kuanza kwa kuwafukuza wanunuzi.

Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliopitishwa 1886 na ambao nchi nyingi za dunia zimeukubali, haki hiyo haisubiri usajili. Ukitaka kuwapima, wape jibu la maandishi: chapa ya karatasi peke yake, kwa miaka inayotajwa, haki zikurudie kitabu kikiacha kupatikana sokoni, podikasti ibaki ilipo, nawe hulipi kitu. Watakavyojibu ndivyo walivyo.

Na hapohapo nikuonye kuhusu mitego midogo ya kujichapishia, maana huko nako kuna mikataba ya kubofya ambayo watu hawaisomi. Amazon, kupitia KDP, yaani huduma yake ya kujichapishia vitabu, humpa mwandishi mrabaha wa asilimia 70 kwa kitabu pepe chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99 kinapouzwa katika nchi zilizo kwenye orodha yake, na asilimia 35 nje ya hapo. Wana mpango wa hiari uitwao KDP Select. Ukijiunga, kwa siku 90 maandishi ya kitabu hicho hayaruhusiwi kupatikana kidijitali mahali pengine popote, isipokuwa sehemu ndogo ya kuonjesha. Kwa hiyo kama umekuwa ukibandika maandishi ya kila sura chini ya kila kipindi, ama uyaondoe, ama usijiunge. Kitabu cha sauti kina masharti yake: ACX, mlango wa waandishi kuingia Audible, duka la vitabu vya sauti la Amazon, hupokea wakazi wa nchi chache tu, yaani Marekani, Uingereza, Kanada na Ireland, na mkataba wake wa kuuza kwao peke yao haupatani na sauti ileile kutolewa bure kwingine. Soma pia orodha ya lugha kabla hujatuma chochote, kwani si kila jukwaa hupokea kila lugha.

Hifadhi rekodi zako ghafi, zile kubwa ambazo hazijabanwa kuwa MP3. Siku ukitaka kuuza sauti utadaiwa viwango: ACX, kwa mfano, hutaka kelele za chinichini zisizidi desibeli -60 na kilele cha sauti kisipite -3, na faili iliyokwisha kubanwa hairekebishiki vizuri. Anza pia kukusanya anwani za barua pepe za wasikilizaji wanaotaka kuambiwa kitabu kikitoka. Majukwaa hufungwa. Google Podcasts ilifungwa 2024, na mwandishi asiye na anwani za wasikilizaji wake hana njia ya uhakika ya kuwaita upya. ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, huwa moja kwa kila umbo la kitabu, ya karatasi mbali na ya kielektroniki.

Sasa nifike kwenye sehemu ya barua yako iliyonifurahisha kuliko zote, ingawa wewe umeiandika kama msiba. Unasema ulimi wako unabadilisha sentensi na kuruka aya. Mwanangu, huyo ni mhariri wa kwanza uliyempata, na hajakutoza kitu. Sentensi ambayo mwandishi mwenyewe hawezi kuitamka bila kukwama, msomaji ataikwaa vilevile, ila yeye hatakwambia. Aya uliyoiruka huku kipaza sauti kimewashwa, mara nyingi ni aya uliyoiandika ili ujifurahishe kwa elimu yako ya Uzuli. Fantasia ina ugonjwa huo zaidi ya riwaya nyingine. Tunaibuni nchi, tukaipenda, tukataka kila mtu aone nasaba za wafalme saba kabla Namira hajatoka nyumbani.

Lakini usichukue sauti nzima ukaimwaga kitabuni. Kuna mabadiliko uliyoyafanya kwa sababu sentensi ilikuwa mbovu, na kuna uliyoyafanya kwa sababu sikio lina mahitaji yake. Msikilizaji hawezi kufungua kurasa za nyuma, kwa hiyo bila shaka umekuwa ukimkumbusha huyu ni nani na yule ni mwana wa nani. Kwenye karatasi ukumbusho huo unachosha. Kinyume chake, kuna mambo sauti yako ilifanya ambayo kalamu haijayafanya. Kitisho cha pale langoni huenda kilikuwa katika namna ulivyonyamaza kabla ya kusema, na kwenye muswada pameandikwa tu kwamba Namira aliogopa. Tumbe ana sauti yake mdomoni mwako, nzito na ya taratibu. Kitabuni sauti hiyo itoke kwenye maneno anayochagua, au haitakuwepo kabisa.

Kaa na muswada uliochapwa, weka rekodi, sikiliza ukiwa na kalamu. Kila zinapoachana, weka alama na ujiulize sababu. Kama ni sentensi, ya sauti ishinde. Kama ni sikio, ya muswada ibaki. Kama ni kitisho, huzuni au kicheko kilichokuwa sauti tupu, hapo ndipo penye kazi ya kuandika upya, na ndiyo kazi itakayokifanya kitabu kiwe kitabu. Angalia pia majina. Yale yanayotofautiana kwa herufi moja, jicho hupambanua na sikio huchanganya, na ukiyagundua sasa bado unaweza kuyabadilisha. Ukikuta sheria ya vivuli inasema jambo moja sura ya 3 na jingine sura ya 20, rekebisha kitabuni, na kwenye podikasti wasikilizaji waambiwe wazi katika kipindi kinachofuata. Wapenzi wa fantasia husamehe marekebisho yanayosemwa. Wasichosamehe ni ulimwengu unaobadilisha sheria zake kimyakimya.

Ukimaliza hapo ndipo umpe mhariri wa kulipwa, mtu ambaye hajawahi kukusikia ukisoma. Hili nalisisitiza. Aliyekwisha kukusikia atasoma kwa sauti yako, na sauti yako itamzibia mashimo.

Tumbe. Jiulize anakufa kwa nini. Kama kifo chake ndicho kinachomlazimisha Namira aingie mbele ya mfalme bila mtu wa kumtangulia, basi afe, na wasikilizaji walie. Kulia kwao ni ushahidi kwamba ulimpa uhai. Kama anakufa kwa sababu tu hadithi za aina hii huwa na mlinzi mwema anayekufa karibu na mwisho, basi wasikilizaji wameona udhaifu ambao wewe hukuuona, na hiyo ndiyo maana "wameshtukia". Sijaisoma sura ya 33, hivyo siwezi kukuamulia. Ila usiipigie kura. Ukimwokoa, umwokoe kwa sababu umepata sura iliyo bora kuliko uliyonayo.

Hizo kurasa unazotumiwa, acha kuzisoma kuanzia leo. Najua zinatumwa kwa mapenzi. Wazo tupu halina mwenyewe kisheria, lakini maandishi ya mtu ni mali yake kama yako yalivyo yako, na siku sura yako ikifanana na ya msikilizaji utashindwa kueleza ilitoka wapi. Sema hewani, kwa shukrani na bila kuzunguka, kwamba unapenda kusikia walivyoguswa ila hupokei sura zilizoandikwa. Wataelewa.

Kaka yako usimwache nje ya haya. Aliyenunua maikrofoni kabla hujawa na msikilizaji hata mmoja aliiamini kazi hii mapema kuliko wote, na ukali wake unatoka hukohuko. Mpe kazi inayolingana na wasiwasi wake: alinganishe bei za wachapaji, afuatilie malipo, ashike kalenda ya hizo wiki 16 na akubane ukichelewa. Na kabla hamjatangaza mauzo, mwambie aagize nakala moja ya majaribio muikague wawili, pambizo, mgongo wa jalada, na hasa ukurasa wa ramani, maana mistari myembamba inayoonekana vizuri kwenye skrini hupotea karatasini.

Shangazi